Ukifokewa Kule, Usitabasamu

Pak Sarwoko alikuwa mfalme. Si mfalme wa nchi, jamani, mfalme wa jukwaani. Michezo ya ketoprak ndiyo kazi iliyomzeesha pale Klaten, kisiwani Java. Taji la karatasi, masharubu ya wino, na sauti ya kuogofya watoto. Siku hizi watu wanaangalia simu zao. Kundi likavunjika, naye mvi zimeshamjaa kichwani. Akawa anashinda kibarazani na sigara yake ya karafuu, anaangalia mvua.

Mkewe, Bu Ginem, alikaanga tempe, vile vitafunio vya soya, akauza. Lakini nyumba ilimtegemea binti yao, Rahayu, aliyekuwa Taiwan akitunza bikizee mmoja.

Jioni moja Rahayu akatokea mlangoni na begi lake. Amefukuzwa.

"Umeiba?" mama akauliza.

"Hapana, Mak. Bibi aliteleza bafuni. Binti yake, yule mama mwenye nyumba, akanifokea. Nami nikatabasamu."

Kwa Wajava, ukikaripiwa na mkubwa unainamisha kichwa na kutabasamu. Ndiyo kuona aibu, ndiyo kuomba radhi. Sarwoko mwenyewe alimfundisha hivyo tangu yuko mdogo.

"Alisema nafurahia mama yake kuumia," Rahayu akasema. "Akizidi kufoka, nami nazidi kutabasamu. Sirudi tena kule, Pak."

Jirani yao, Bu Karsinah, akaja kutoa pole. Huyu alifanya kazi Taiwan miaka mingi, sasa anafundisha kwenye kituo cha wanaojiandaa kwenda.

"Mtoto hajakosa adabu," akasema. "Ila adabu yetu kule hawaijui. Mtu wa kule akifoka, anataka umtazame, useme umekosa nini na utafanya nini. Ukitabasamu, anaona unamcheka." Kisha akamgeukia Sarwoko. "Na wewe mfalme, njoo unisaidie kuwazoesha wasichana kufokewa. Mimi nikiwafokea wanacheka, sauti yenyewe ya kuku."

"Mimi mwalimu? Umri huu? Shule nimeishia la nne."

"Basi kaa hapo ule hilo taji," mkewe akadakia kutoka jikoni.

Akaenda. Siku ya kwanza akaharibu. Aliigiza mama wa Taiwan kwa kufinya macho na kubana sauti puani. Wasichana wakacheka mpaka wakashika mbavu. Karsinah akamwita nje.

"Unawafundisha dharau, Pak. Wataenda kuishi nyumba moja na hao watu. Yule mama alifoka kwa sababu mzazi wake alikuwa chini kwenye vigae. Igiza hofu yake. Macho yake muachie mwenyewe."

Maneno yakamwingia. Kesho yake hakuna aliyecheka. Rahayu alikuwa amemletea baba yake chakula, kakaa nyuma. Sarwoko akamwita mbele.

"Ulikuwa wapi?" akanguruma. "Mama yangu yuko chini analia, wewe uko wapi?"

Rahayu akatabasamu.

"Tena," Karsinah akasema.

Wakarudia, wakarudia, mpaka binti machozi yakamtoka. Mwishowe akainua uso, akamtazama baba yake machoni.

"Nimekosa. Nilikuwa jikoni. Kuanzia leo nitamshika mkono akiingia bafuni."

Hakutabasamu. Sarwoko akageukia ukutani. Mwanawe hajawahi kumkazia macho namna ile.

"Ndivyo," akasema. "Lakini adabu ya kule iache kule, mwanangu. Hapa kwetu baki na yetu."

Rahayu akabadili nia, akaondoka tena kwenda Taiwan, nyumba nyingine, bikizee mwingine. Wakati wa mavuno akapiga simu.

"Niliunguza dawa za bibi za kuchemsha, Pak. Mama mwenye nyumba akafoka. Nikamtazama, nikamweleza nilivyokosea. Akatulia, akanionyesha upya."

"Hakukufukuza?"

"Hakunifukuza."

Yuko huko mpaka leo. Nyumbani kumepoa. Bu Ginem anakaanga tempe zake peke yake, na Sarwoko asubuhi huvaa shati safi na kwenda kituoni. Juzi alikuta wasichana wapya mkekani, watoto wa watu, wote wanamtabasamia kwa heshima.

Akakohoa kidogo, akaanza kufoka.