Maiti Iliyokuwa na Homa

Maiti ya mwalimu wa baiokemia ililala chali katika chumba cha maandalizi, nyuma ya maabara ya chuo, ngumu kama ubao wa kupigia pasi. Inspekta alichuchumaa akashika taya. Halikucheza. Akajaribu kiwiko. Hakikukunjika. Kisha akaurudisha mkono wake haraka, maana ngozi ya marehemu ilikuwa ya moto kuliko ya mgonjwa wa homa.

"Salaale!" alisema. "Chumba hiki ni tanuri au nini?"

Akaliweka suala la joto kando. Aliuamini ugumu. Kituoni walimwita Mama Saa, kwa kuwa akishika maiti tu anakwambia imekufa lini, na mpaka siku hiyo hakuna aliyemkamata na kosa.

Mlangoni alisimama fundi wa maabara, uso umempauka, ndoo ya barafu ikiwa miguuni pake.

"Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Sasa hivi tu, afande. Aliniambia anaungua, nikamletee barafu. Nikakimbilia kwenye mashine hapo chini. Narudi, namkuta sakafuni! Nikawapigia simu, mkavuka barabara mkaja."

"Alizungumza na wewe?"

"Alinitania hata. Alisema akiendelea kuchemka hivi, tutampikia chai kichwani."

"Kijana, maiti haikakamai namna hii mpaka zipite saa kadhaa. Huyu amekufa tangu asubuhi. Asubuhi nani alikuwa humu?"

"Mimi na yeye tu. Chuo kimefungwa, wanafunzi wako likizo."

"Basi usinifanye mtoto. Sema kweli."

"Ndiyo kweli yenyewe, mama yangu! Mnataka niseme nini?"

Inspekta alitazama mezani. Palikuwa na chupa tupu ya sharubati, imebaki povu la njano.

"Hii ya nani?"

"Yake. Mumewe humtengenezea kila asubuhi. Walimu wenzake wote wanamwonea wivu kwa mume yule."

Konstebo alimsogelea fundi, akamnong'oneza kwa huruma ya kweli, "Kaka, Mama Saa hajawahi kukosea. Bora useme tu, upunguziwe." Fundi alipoendelea kuapa, pingu zikamlia mikononi. Jioni mke wake alikuja kituoni, mimba imemkaa juu, akakaa kwenye benchi la mapokezi na kukataa kuondoka.

Kesho yake daktari wa polisi alimwita Inspekta chumba cha maiti. Mzee huyo hakuwa na subira na mtu yeyote, si hai wala mfu.

"Nani kakwambia huyu mama alikufa asubuhi?"

"Misuli yake."

"Misuli yake imekudanganya. Hebu niambie, msuli unalegeaje?"

"Kwa kupumzika."

"Wapi! Kulegea nako kunataka nishati. Ndani ya msuli kuna protini zinazoshikana kama vidole vya mikono miwili. Kuviachanisha kunahitaji molekuli moja inaitwa ATP, ndiyo inayobeba nishati mwilini. Unakula wanga, unakula mafuta, seli inavichoma kidogo kidogo, nishati yake inatumika kutengeneza ATP. Mtu akifa, akiba hiyo inakwisha taratibu. Ikiisha, vidole vinang'ang'aniana. Maiti inakakamaa. Hiyo ndiyo saa unayojivunia."

"Na huyu?"

"Huyu akiba ilimwishia angali anapumua. Kalishwa sumu."

Akafunua shuka. Kwapani na kwenye ukosi wa blauzi jasho lilikuwa limeacha madoa ya njano.

"Kuna poda ya njano kwenye maabara za kemia," daktari aliendelea. "Ukiimeza, mwili unachoma mafuta kwa fujo, lakini ATP haitengenezwi. Nishati yote inatoka kama joto. Umewasha gari, umekanyaga mafuta mpaka mwisho, gia hujatia. Injini inanguruma, inachemka, petroli inakwisha, na gari halijatoka hata hatua. Nimeikuta kwenye mkojo wake. Na si ya siku moja. Amelishwa kwa muda."

"Kwa hiyo aliweza kuzungumza, akakata roho, akakakamaa papo hapo?"

"Papo hapo, na kwa joto lile lile. Wewe mwenyewe ulimshika, hukushangaa?"

Alishangaa, tena sana, kisha akausukuma mshangao pembeni. Hata barafu ya kwenye ndoo ilikuwa haijaanza kuyeyuka, na alikuwa ameiona kwa macho yake mawili. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Hata hivyo fundi hakuwa ametoka shimoni. Poda hiyo ilikaa kwenye kabati la kufungwa. Inspekta alimfuata mahabusu.

"Funguo za kabati la kemikali ziko kwa nani?"

"Ninazo mimi. Na mwalimu alikuwa nazo."

"Mwingine?"

"Hakuna." Akafikiri. "Ila zake alizichanganya na za nyumbani, rundo moja. Nilimgombeza, akacheka. Mumewe akija kumchukua alikuwa anamwachia hilo rundo afungue gari, amsubiri."

Inspekta alisimama kabla hajamaliza.

Mume wa marehemu aliwapokea sebuleni, macho mekundu, akashika mkono wa Inspekta kwa mikono yake yote miwili. Ncha za vidole vyake zilikuwa za njano.

"Umeshika nini, bwana?"

"Bizari. Mimi ndiye mpishi wa nyumba hii."

"Tangu msiba uingie umepika?"

Bwana yule alificha mikono mapajani kama mwanafunzi aliyeshikwa na kitabu cha mwenzake.

Konstebo alikwenda jikoni. Walimsikia akifungua na kufunga makabati. Aliporudi alikuwa amevaa glavu, mkononi ana kichupa chenye lebo ya chuo.

"Nyuma ya mashine ya sharubati, afande."

"Bwana," Inspekta alisema polepole, "yuko mtu mahabusu kwa ajili ya kichupa hiki. Mkewe ana mimba, amelala kwenye benchi letu. Sema."

"Sikutaka kumuua! Haki ya Mungu, sikutaka. Nilitaka apungue."

"Apungue nini?"

"Mwili! Alinenepa. Kazini kwetu kulikuwa na hafla, nikaenda naye. Bosi wangu akaja kutusalimia, akaniuliza, mbele ya watu wote, kama nimemleta mama yangu mzazi. Mke wangu mwenyewe alicheka. Alicheka mpaka akatoa machozi. Mimi sikulala."

Konstebo aliguna, akageukia dirishani.

"Poda uliijuaje?"

"Alinieleza yeye. Alikuwa anaandaa somo, hapo mezani, alizoea kunijaribia masomo yake. Akasema zamani watu waliimeza ili wakonde, mafuta yanaungua yenyewe mwilini, hata ukikaa kitako."

"Kisha akasema nini?"

Mwanaume alianza kufuta vidole vyake kwenye suruali.

"Nakuuliza, bwana. Baada ya hapo mkeo alisema nini?"

"Sijui." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Nilikuwa natazama mpira."

Inspekta alimkodolea macho. Katika kazi hii alikuwa ameona shoka, ameona kamba, ameona watu waliouana kwa shamba na kwa mapenzi. Hili alikuwa hajaliona.

"Alisema inaua," alimwambia. "Hakuna mwalimu wa baiokemia anayeeleza poda hii asiseme inaua. Alisema haina dawa, kwamba joto likishapanda halishushiki. Alikwambia, umekaa naye meza moja!"

Mwanaume alijifunika uso. "Alikuwa analalamika joto kila usiku. Akawa anasema ni umri, ni mwili wa kike unabadilika. Anatupa shuka, anafungua madirisha, jasho linamtoka. Na mimi..." Alishindwa, akajikaza. "Mimi nilifurahi. Nikajua inafanya kazi. Lakini nguo zake bado zilimbana, nikaongeza."

Inspekta alimwambia konstebo apige simu kituoni, fundi afunguliwe sasa hivi, na mkewe aambiwe kwamba Inspekta mwenyewe anakuja kumwomba radhi. Kisha akatoa pingu. Mwanaume alinyoosha mikono bila ubishi, akatoka mbele yao kwa adabu.

Kwenye kizingiti alisimama.

"Afande, daktari alimpima uzito?"

"Alimpima."

"Alikuwa amepungua?"