Spiriti ya Kinyozi

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alifagia nywele kwenye kibanda cha baba yake, kinyozi. Jina hilo la Chiriku alibandikwa darasani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini kibandani alifagia kimya, akipumua kwa mdomo. Baba alinuka. Alijipaka manukato ya wateja, alitafuna karafuu, na bado chini ya hayo yote ilikuwepo harufu ya pombe iliyolala tumboni. Wateja walikaa kitini wakigeuza shingo pembeni. Wengine walimtania, "Kinyozi, leo weka kando spiriti yako, nipumulie tu kisogoni!" Baba alicheka nao. Chiriku hakucheka. Mzaha huo ulimtia kichefuchefu.

Wazazi wake walikuwa wameachana. Chiriku na mdogo wake wa miaka minne waliishi na mama, na mwisho wa juma walilala kwa baba. Halafu ikatokea aibu. Baba alirudi amelewa chakari, akajitupa kwenye kitanda cha watoto, akamtapikia yule mtoto mdogo kichwani, kisha akakoroma palepale. Chiriku ndiye aliyemwosha mtoto nywele, huku akilia kwa kinyaa. Mama alipojua, alikwenda mahakamani kuomba watoto wasilale tena kule. Baba akaapa kwamba pombe ameiacha zamani, hakimu akaamuru apimwe damu. Wakati kesi ikisubiri, watoto walikwenda kwa baba mchana tu.

Jumamosi hiyo, mteja wa mwisho alipoondoka, baba alimkalisha Chiriku kwenye kiti cha kunyolea.

"Mwanangu, Jumatatu napimwa. Tangu jana sijagusa kitu, nakunywa maji tu. Damu itakuwa safi. Lakini yule mama wa ustawi wa jamii aliyetumwa na mahakama ni mdadisi. Akikuuliza habari ya harufu, mwambie ni spiriti ninayofutia mashine. Sawa?"

"Lakini baba..."

"Unataka tutenganishwe? Ukisema vingine, hamtaniona tena. Haya, sema."

Chiriku alisema. Baba akamtaka arudie tena na tena mpaka maneno yakatoka bila kukwama, kisha akampa biskuti. Biskuti ilimshinda kumeza. Alihisi mdomo mchafu, kana kwamba ameokota nywele sakafuni akazitia kinywani. Hebu fikiria, mtu mzima na ndevu zake anajificha nyuma ya mtoto wa darasa la sita!

Jumatatu alasiri wote walikutana kwenye maabara ya hospitali. Afisa wa ustawi wa jamii, mwanamke wa makamo, alikuwepo pia, kwa kuwa alitaka kuzungumza na watoto ofisini kwake baada ya hapo. Mtaalamu wa maabara alimfunga baba mpira mkononi, akachoma sindano, damu ikajaa kichupa.

"Mtaikuta safi hiyo," baba alisema akitabasamu. "Mimi tangu Ijumaa ni maji tu."

"Tangu Ijumaa?" mtaalamu aliuliza, akibandika lebo. "Kipimo hiki hakitafuti pombe ya jana, mzee. Pombe ikiingia mwilini huacha alama kwenye damu, na kwa mtu anayekunywa sana alama hiyo hukaa wiki kadhaa. Hiyo ndiyo tunayoitafuta."

Tabasamu likamtoka baba. "Basi mtapata spiriti! Mimi ni kinyozi, nashinda nayo mikononi. Muulizeni binti yangu. Chiriku, waambie!"

Afisa alisimama kati yao. "Hapana, baba Chiriku. Mtoto si shahidi wako. Hapa haulizwi kitu."

Chiriku angeweza kunyamaza. Mama alikuwa tayari amemshika bega. Lakini alimtazama mdogo wake aliyekuwa akichezea vifungo vya shati, akajua kwamba wakirudishwa kulala kule, ni yeye atakayeosha tena matapishi. Kinyaa kikampanda kuliko woga.

"Spiriti ni ya kufutia mashine," alisema. "Haikumtapikia mdogo wangu. Ni wewe, baba. Na huo uongo umenikaririsha. Nachefuka hata kuukumbuka!"

Baba aliinamisha kichwa, pamba bado ameikandamiza mkononi.

Nje Chiriku alilia kwa kwikwi. "Nimemfukuza baba. Hatutamwona tena."

"Hujamfukuza," afisa alimwambia, akimpa maji ya kunywa. "Damu ingesema hata kama ungenyamaza. Na mahakama haitaki kuwanyang'anya baba. Inataka mlale mahali salama."

Majibu yalipotoka, alama ya pombe ilikuwa juu mno, si ya mtu aliyegusa spiriti tu mikononi. Hakimu aliamuru watoto walale kwa mama, baba ahudhurie kliniki ya kuacha pombe, apimwe damu mara kwa mara, na awaone watoto ofisini kwa afisa, afisa mwenyewe akiwepo. Mwanzoni baba alinuna. Aliilaumu maabara, akamlaumu mama, na Jumamosi moja hakutokea kabisa. Kisha akaanza kuja. Vipimo vikashuka kidogo kidogo, na baada ya miezi mingi damu yake ikawa safi kweli.

Siku hakimu alipomruhusu kukaa na watoto mchana bila msimamizi, baba alichuchumaa mbele ya Chiriku.

"Bado umenikasirikia?"

"Ndiyo."

"Kasirika tu, mwanangu, nimestahili. Niliona tabu kuacha pombe, nikaona rahisi kukuchafua wewe. Nikikumbuka, najichukia. Sasa nisikilize vizuri. Mtu mzima akikutuma useme uongo ili kuficha ubaya wake, kataa, na umwambie mtu mwingine unayemwamini. Usimwonee haya huyo anayekutuma, awe mwalimu, awe jirani, awe nani. Hata nikiwa mimi."