Njuga Nyuma ya Kiti

Haya yalimpata Maroa, rafiki yetu wa Kegonga. Kazi yake ni kuingiza Kiswahili kwenye filamu za ng'ambo. Lugha zenyewe hazijui. Hutazama picha na kubuni maneno, na majambazi huwapa majina ya watu wa sokoni ili watazamaji wacheke.

Safari hii muuza nyama alikuwa amemtishia kwa panga kwa kulitumia jina lake. Basi kwa hasira akampa jambazi mkuu jina lake yeye mwenyewe, Maroa. Ilikuwa filamu ya Kitaliano, ya mtu mmoja mwenye bastola anayemsaka jambazi huyo aliyemuua ndugu yake.

Alijifungia chumbani, mchana, kuta na dirisha vimezibwa kwa magodoro, giza totoro. Akazima sauti ya filamu, akarekodi yake. Alipoisikiliza, nyuma ya maneno yake zililia njuga, zile za buti za mwenye bastola. Akafuta, akarudia. Zikasikika karibu zaidi.

"Dorine! Nani anachezea njuga hapo nje?" akamfokea mkewe.

"Hakuna mtu, Baba Joyline. Maliza basi, watu wamejaa kwenye kibanda cha video wakiingoja filamu!"

Mara ya tano alichoka kabisa. Akazima filamu yenyewe, akarekodi kimya kitupu, mdomo ameuziba kwa kiganja. Kisha akavaa hedifoni.

Njuga zilikuja polepole, zikasimama nyuma ya kiti. Halafu mtu akaanza kulia na kuomba asiuawe. Sauti ilikuwa ya Maroa mwenyewe, na ilikuwa ikiomba kwa Kitaliano.