Upasuaji wa Ijumaa

Stendi ya Makambako ilikuwa imefurika watu siku Fahadi alipokanyaga furushi la vitenge vya Shamimu kwa kiatu chenye matope.

"Kaka, macho umeyaacha nyumbani?"

"Ninayo, dada. Ila yamekuona wewe, yakasahau kazi."

Shamimu, baibui jeusi na mtandio wa rangi ya chungwa, alisonya, kisha akacheka. Mwezi haukuisha, kwenye simu wakawa "mpenzi" na "roho yangu".

Fahadi alifundisha Kiingereza, na kwa Kiingereza chake alijisikia sana. Mbunge mmoja wa Uingereza, Bi Harwood, alipotembelea Njombe, mkalimani akawa yeye. Mama huyo aliwasimulia wakulima wa parachichi safari yake: udiwani miaka tisa, ubunge akashindwa mara mbili, mara ya tatu akapita kwa kura arobaini tu. Kila Ijumaa, akasema, hufanya "surgery" jimboni kwake. Ijumaa hiyo angefanya na hapo Njombe.

"Atafanya upasuaji!" Fahadi akatafsiri bila kupepesa macho. Jioni akampigia Shamimu. "Roho yangu, mlete mama. Ule uvimbe wa shingo umepata daktari."

Ijumaa, kwenye baridi ile ya Njombe, mama aliteremka basi na Shamimu, akiwa hajala tangu jana, maana mtu wa kupasuliwa hali. Ukumbini alikuta meza, kalamu na chupa ya chai. Bi Harwood aliduwaa. Kumbe kwao mbunge akilisema neno lile, maana yake ni kukaa na kusikiliza shida za wapiga kura. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama akavuta khanga, akaifunika shingo yake.

Jamani, hata mimi ningemzaba Fahadi kibao.

"Umemleta mama yangu achekwe!" Shamimu alifoka mbele za watu.

"Mpenzi, nilidhani..."

"Ulidhani! Kama hujui, si uulize? Hicho Kiingereza chako kakioe!"

Wiki tatu hakupokea simu. Fahadi akamwendea mama huko Makambako, akapiga magoti, akaomba radhi. Alikuwa amemwandikisha hospitali, apasuliwe Jumanne. Safari hii alimuuliza daktari mara mbili.

Shamimu akatoka chumbani kwa hasira.

"Nani atampeleka?"

"Mimi, ukiniruhusu."

"Utampeleka! Na ukimrudisha, lete washenga. Nimechoka kugombana na mwanaume ambaye si mume wangu."