Tundu Alilolisahau Fundi Mvivu

Kila Jumamosi Annis hupanda mlimani na shangazi yake Dinah, fundi wa kuta za mawe zisizotiwa saruji. Jumamosi hii aliandamana nao rafiki yake Hattie, ambaye kondoo wa kwao hulala chini ya ukuta mmoja wa huko. Njia nzima walizungumzia Jumatatu. Darasani kila mtu angeeleza neno moja la zamani la Cumbria, mkoa wao wa kaskazini mwa Uingereza, na Annis alikuwa ameshachagua lake: smoot.

"Haya, ni nini hiyo?" Hattie alimchokoza.

"Tundu alilolisahau fundi mvivu," Annis alijibu. Hakuwa na hakika hata chembe, lakini angekubalije mbele ya Hattie?

Walipofika, Annis akaliona tundu chini ya ukuta. Akaona ameipata kazi ya huyo fundi mvivu. Dinah akiwa mbali kidogo akikarabati, Annis akalishindilia mawe mpaka likaziba kabisa, akajipongeza.

Mchana mvua ikashuka, ile ya kwao isiyojua kuchoka. Maji ya mlimani yakajaa nyuma ya ukuta. Upande wa chini, kondoo wenye mimba walikuwa wamejibanza wakikwepa upepo, na ukuta juu yao ukaanza kutoa tumbo.

"Maji hayapiti," Dinah alisema, uso umembadilika. "Ukuta huu ukianguka, kondoo wamekwisha."

Hattie akaanza kulia. Annis akawaza: akinyamaza, nani atajua?

"Shangazi, ni mimi. Nimeziba tundu la chini. Nilidhani ni kasoro."

"Nionyeshe, upesi."

Wakatimua mbio. Annis akaonyesha mahali, kisha yeye na Hattie wakawaswaga kondoo mbali, huku Dinah akiyachokonoa mawe kwa mtaimbo. Jiwe la mwisho likachomoka, maji yakafoka hadi magotini. Ukuta haukuanguka. Wasichana wakakumbatiana, wakaruka matopeni kwa furaha.

"Hiyo ndiyo smoot," Dinah alisema akihema. "Tundu la makusudi, maji na sungura wapenye. Wanaochunguza maneno hulihusisha neno hili na lugha ya mabaharia wa kaskazini waliohamia huku zamani. Kwao smjúga ni kupenya kwa kutambaa."

"Kumbe fundi mvivu ni wewe," Hattie akamwambia Annis, machozi hayajamkauka.

Annis akacheka kwa aibu. "Jumatatu nitawaambia na hilo."

"Waambie," Dinah alisema. "Kutojua si aibu, mwanangu. Ungeniuliza asubuhi, ningekueleza papo hapo. Ulijifanya unajua, nusura utuulie kondoo. Lakini ulisema kweli kabla ukuta haujaanguka, ndiyo maana wako hai."