Petali Iliyoachwa Wazi

Umeme ulikatika saa sita mchana, mtaa mzima wa Nyawera ukanung'unika kama kawaida yake, lakini mashine ya kutarizi ya Nyota haikusimama. Ilipiga mishono saba mingine, polepole, kisha ikatulia. Nyota alijiambia kuwa ni umeme uliobaki kwenye waya. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Duka lile lilikuwa la ukoo. Babu yake, Aboubakar, alianza nalo Uvira akiwa na sindano mbili na kofia za kutarizi. Bibi akaongeza vilemba vya maharusi, mama akaongeza mashuka. Wote walifanya kazi kwa mkono, na wote, katika kila nguo, waliacha petali moja ya ua moja bila kuijaza uzi. Wateja walidhani ni alama ya duka. Nyota hakuwahi kuuliza. Yeye aliona ni uvivu wa wazee, na mwezi uliopita, aliponunua mashine, aliipanga ijaze maua yote.

Tangu hapo duka lilinuka udi ambao hakuna aliyeuchoma. Na Sifa, mwanawe wa pekee, aliyejichukulia kilemba cha kwanza cha mashine na kukivaa kwa mbwembwe, akaanza kunyamaza. Msichana aliyebishana hata na redio sasa alishinda chumba cha nyuma akitazama ukuta. Hilo ndilo lililomtia Nyota hofu kuliko mashine.

Alimwita shangazi yake Almasi kutoka Kasha. Mzee alifika, akanusa, akabaki mlangoni.

"Petali iko wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Petali gani, tantine?"

"Ile ya kuacha. Muzee Aboubakar hakujua kushona, Nyota. Jini njo ilimufundisha. Bakapatana: itaingia mu kila nguo, itashona naye, halafu itatoka. Ile petali njo mulango yake."

"Hakuna mutu aliniambia."

"Tulifikiri uliona mikono ya mama yako. Sasa umeifungia ndani. Leta wembe, tufumue."

Mashuka yote ya mashine, ishirini, ya harusi moja huko Miti, yalikuwa bado kabatini. Wakafumua petali moja moja, na kila shuka lilipofunguka mashine ilianza kushona peke yake, bila uzi, bila umeme, taratibu kwanza, kisha kwa pupa, na udi ukazidi mpaka machozi yakawatoka, na Almasi akisoma dua kwa midomo iliyokauka, na Nyota akijikata vidole bila kusikia maumivu, mpaka shuka la mwisho.

Kimya. Harufu ikatoka nje.

"Imeisha?" Nyota alinong'ona.

"Kama njo zote, imeisha."

Hapo ndipo alipokumbuka kilemba. Alikimbilia chumba cha nyuma.

"Sifa, mama, utoshe kilemba mu kichwa."

"Haitoke, maman."

Nyota aligusa kisogo cha mwanawe. Mishono ilikuwa imevuka ukingo wa kitambaa ikaingia kwenye ngozi, ua baada ya ua, yote yamejazwa, yakiteremka kuelekea mgongoni. Alishika wembe, akainua uzi wa petali ya kwanza. Ulikuwa na joto. Sifa alifungua kinywa ili alie, ikatoka sauti ya mashine, mishono saba, polepole.

Nyota alilia yeye badala yake, na akaendelea kufumua.