Mayai Yangu Yalikuwa Mazima

Nina miaka arobaini na mmoja, naishi Buhare, Musoma, na ni mshonaji wa nguo. Nawaandikia nikiwa nimechoka, ndugu zangu... si kwa kazi, ni moyo.

Niliolewa na Wambura, mwalimu wa Butiama. Alikuwaga mpole. Lakini miaka ikapita bila mtoto, na mama mkwe akaacha kuniita mwanangu. Akawa ananiita "huyu".

Tukasikia Musoma kuna kliniki yenye kompyuta iliyofundishwa kusoma picha za uzazi. Inaangalia mayai ya mwanamke kwenye ultrasaundi na mbegu za mwanaume kwenye darubini. Tukapimwa wote wawili. Siku ya majibu nilikuwa Bunda namuuguza mama yangu, Wambura akaenda peke yake.

Alinifuata hukohuko Bunda. Akakaa, akainamisha kichwa.

"Kompyuta imesema mayai yako yamekwisha," akasema. "Mimi sina tatizo."

Ningebishaje? Mtu unaweza kumshuku... mashine utaishukuje? Nililia, kisha mimi ndiye niliyemwomba yeye msamaha.

Alipooa mke wa pili, Rhobi, nilimpokea. Wakwe wakataka nimpishe chumba, nikahamia cha nyuma, karibu na zizi. Sikulalamika. Mwanamke asiyezaa anadai nini?

Ikapita miaka, Rhobi naye hakushika mimba. Maneno yakamgeukia. Nikamwona anavyokonda, nikamwonea huruma, nikampeleka kliniki ileile.

Daktari alinikumbuka. "Mama, mbona hamkurudi? Nilimwambia mumeo mje wote tuzungumze."

"Tuje kufanya nini, daktari, na mayai yangu yamekwisha?"

Alinitazama, kisha akafungua picha zangu.

"Nani kakwambia hivyo? Mayai yako yalikuwa mazuri. Kompyuta iliyaona, na mimi niliyaona. Majibu ya mumeo, mwulize mwenyewe."

Rhobi alinishika mkono. Tukapanda gari kurudi Butiama.

Wambura hakukana. Alisema mbegu zake ndizo zilikuwa dhaifu. Daktari alimwambia kuna tiba, ila aende na mkewe, naye akaona aibu.

"Ningeishije hapa watu wakijua?" akasema.

Nikamuuliza, "Na mimi nimeishije?"

Akatoka kwenda kufunga ng'ombe.

Nilipimwa upya. Safari hii uongo wa Wambura ulikuwa umegeuka kweli: mayai yamebaki machache sana. Daktari alisema tusikate tamaa. Nilimshukuru, nikaenda kufungasha nguo zangu.

Rhobi naye aliondoka, akarudi kwao Bunda. Bado ni binti. Juzi alinipigia simu, ameolewa na mtu mwingine, ana mimba. Nilifurahi kwa dhati. Kisha nikaacha cherehani, nikakaa tu hapo kibarazani mpaka mteja aliponiita.

Dada zangu, mkienda kupimwa, kaeni wote wawili mbele ya daktari. Majibu ya mwili wako yasikie kwa masikio yako. Mashine haikunidanganya. Nilidanganywa na mtu niliyelala naye kitanda kimoja.

Na ninyi kaka zetu... nawasihi, msimtwishe mwanamke aibu yenu. Wambura angekubali tu kutibiwa, pengine leo tungekuwa na mtoto wa kumpeleka shule.